Ukili Mweupe wa Shangazi Mwanamkasi

Kabla ya mwezi wa Shaaban mwaka jana, usingeweza kupita uani kwetu Bagamoyo bila kusalimiwa na Shangazi Mwanamkasi. Alikuwa anasalimia kila kitu. Watu, watoto wachanga, hata mbuzi wa jirani waliokuja kutafuna mabaki ya ukindu mlangoni kwake. Anakuuliza za nyumbani, za shule, za ule mguu uliokuwa unauma Ijumaa iliyopita, na anasubiri jibu. Mama alikuwa akisema, ukimtuma wifi yake dukani kununua chumvi, wewe pika tu bila chumvi, maana atarudi watu wameshakula.

Shangazi ni dada wa baba. Alizaliwa Fukayosi, akaolewa Saadani, akaachika bila mtoto na bila ugomvi, akarudi kwa kaka yake na mzigo wa ukindu kichwani. Kazi yake mikeka. Anachana ukindu, anautia rangi, anausuka uwe utepe mrefu ambao ndio ukili, na ukili ukitosha anauzungusha na kuushona. Mikeka yake ya zambarau na kijani imekaliwa na maharusi wengi wa mtaa huu.

Halafu akanyamaza.

Hakufiwa. Hakugombana na mtu. Nilitafuta sababu kama mpelelezi, nikawa naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la Baiolojia: "Malaria? Hapana, amepimwa. Mchumba? Hapana. Habari mbaya? Simu yake haina chaji tangu Jumatatu." Alianza kwa kuchelewa kuamka. Kisha akawa anarudisha sahani imejaa. Asubuhi moja, nimeshavaa sare, nikamwambia, "Shikamoo Shangazi." Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliye mbali sana ufukweni, hujui ni nani na wala hutaki kujua. Hakujibu.

Wa kwanza kulitamka alikuwa Zaina, jirani yetu wa ukuta mmoja. "Mama Adila, yule si wifi yako," alimwambia Mama wakianika nguo. "Mwanamkasi wameshamchukua. Huyo mliyebaki naye ni mgomba."

Hapa kwetu kila mtoto anaijua hadithi hiyo. Mtu akichukuliwa msukule, wachawi wanampeleka kwenye mashamba yao akalime bila kusema, na nyumbani wanaacha gogo la mgomba walilolivisha sura yake. Gogo linakaa kitini. Linapumua. Hata chakula linakula, kidogo. Ila halisemi, na halitoi jasho.

Nilicheka. Nilikuwa kidato cha tatu, nimesoma jinsi mwili unavyotoa jasho. Lakini siku hiyohiyo saa nane mchana, saa ambayo hata kuku wamelala na mtaa mzima hauna sauti, nilijikuta nimesimama mlangoni kwa Shangazi naitazama shingo yake. Joto lilikuwa kali, mgongo wangu umelowa wote. Shingo yake ilikuwa kavu kama karatasi. Alikuwa ameelekea ukutani, mikono ameilaza magotini, viganja vimetazama juu. Nilinyata nikamwekea kioo kidogo cha Mama karibu na pua. Kikaingia ukungu. Nikashusha pumzi. Halafu nikakumbuka Zaina alisema gogo linapumua.

Baba akaleta mganga kutoka Ubena. Alimtazama Shangazi kwa muda mfupi kuliko alivyoitazama chai yake, akasema atamrudisha, ila kazi itachukua siku nyingi. Kwa sasa akatupa sharti moja.

"Msimsalimie," alisema. "Msimwite jina. Mkimsalimia, kitakachoitika si yeye."

Tukatii. Mama akawa anaiweka sahani kizingitini na kurudi kinyumenyume. Baba, ambaye hajawahi kuingia nyumbani bila kutoa salamu, akawa anapita mlango ule kama unavyopita kaburi la mtu usiyemjua. Mimi nilikuwa natazama chini, nahesabu hatua. Ninachokumbuka zaidi ni mbuzi. Walikuwa wakija kama kawaida yao, wanafika mlangoni, wanasimama. Watatu kwa mstari, wanatazama ndani, hawaingii na hawaondoki.

Siku moja nimetoka shule nikasikia sauti chumbani kwake. Kss, kss. Ukindu unapishana. Nikafurahi mpaka nikaangusha begi. Anasuka! Nilipochungulia, furaha ikaniisha. Alikuwa anasuka uso umeelekea ukutani, hatazami mikono, mikono inakwenda yenyewe. Na ukili hauna rangi hata moja. Mweupe mtupu, mwembamba, upana wa vidole viwili. Ulishuka magotini kwake ukajikunja sakafuni, duara juu ya duara.

Ilinibidi nijue. Kila alasiri alipokwenda bafuni uani, mimi naingia, nanyoosha mikono yote miwili, napima kwa pima kama wanavyofanya wasukaji, nahesabu kwa kunong'ona. Pima tisa. Kesho yake kumi. Kesho yake kumi na moja. Pima moja kila siku, haizidi wala haipungui. Nikaziandika zote kwenye daftari, chini ya "Mchumba? Hapana."

Siku ya pima ya ishirini na saba, nimeshika mwisho wa ukili mkononi, nikahisi mtu. Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamdondoka, na sikuwa nimesikia hatua hata moja.

"Hata wewe umeacha kunisalimia," alisema.

Sauti ilitoka kama iko ndani ya mtungi. Mdomo wangu ulifunguka, lakini nilikuwa nimekatazwa. Kama ni kweli? Kama nikisema shikamoo, na kile kitakachoitika si yeye?

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyeona jibu lake limelingana na la mwalimu. "Basi ni kweli. Mimi sipo."

Akapita pembeni yangu, akakaa. Kss, kss.

Nilikimbia bila ndala mpaka kwa Bi Miza.

Bi Miza ni msukaji mwenzake Shangazi, na ni mtani wetu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Ana ruhusa ya kututukana, kumvua Baba kofia barabarani na kuondoka nayo, na siku ya msiba wetu anaweza kulala njiani mbele ya jeneza na kulizuia lisipite mpaka apewe chochote, ili wafiwa wacheke hata kama hawataki.

"Shikamoo Bi Miza."

"Marahaba, we chawa wa kina Mwinyijuma. Leo umekuja kuiba nini?"

Nikamweleza. Mgomba, mganga, sharti. Alikuwa anacheka na kukoroga uji. Nilipofika kwenye ukili akaacha kukoroga.

"Mweupe? Upana gani?"

Nikamwonyesha vidole viwili.

"Umefika ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Umepima kwa hiyo mikono yako ya mbu?"

"Ndiyo."

Akaitazama mikono yangu, midomo ikihesabu. Kisha akaepua sufuria. "Mwanangu, ukili wa namna hiyo haushonwi mkeka wa kulalia. Huo ni wa kufunika jeneza. Kwa mikono yako unakwenda pima thelathini. Na hakuna mtu anayejisukia mwenyewe. Husukiwa na wengine."

Thelathini. Leo Ijumaa. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

Alijitupia kanga yake na kutoka, na mimi wa miaka kumi na sita nikawa nakimbia ili nisiachwe nyuma.

Mama alimzuia uani. "Bi Miza, tumekatazwa kumsa..."

"Mmekatazwa nyie. Mimi mganga wenu hajanikataza. Mimi mtani, nasalimia hata maiti." Akasimama kizingitini, akapaza sauti mpaka Zaina akatokea juu ya ukuta. "Hodi! Hodi humu! Assalaam alaykum, Mwanamkasi binti Mwinyijuma!"

Kss, kss.

"Nasikia hapa kuna msiba! Msiba wa watani zangu, na mimi sijaambiwa? Maiti ndiyo hii? Mbona inasuka yenyewe, haina ndugu? Na ni maiti mvivu, wiki nne mkeka haujaisha!"

Akaingia, akajilaza chali juu ya lile duara la ukili, akafumba macho, mikono kifuani. "Nimelala njiani. Jeneza halipiti."

Sauti ya ukindu ikakoma.

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Mimi maneno ya mganga yalikuwa yananizunguka kichwani, kitakachoitika si yeye, kitakachoitika si yeye, na nilishaanza kurudi nyuma.

"Ondoka, Miza." Ilikuwa sauti ya kukwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. "Utanivunjia ukili."

Bi Miza hakufumbua macho. "Nani anasema?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Mbuzi mmoja akapiga kwato uani.

"Sijui," alisema Shangazi.

Hapo Bi Miza akainuka, akakaa ubavuni kwake, bega kwa bega, naye akaelekea ukutani. Utani ulikuwa umemtoka wote. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya nazi, "Mwanamkasi, unataka kufa?"

Mama akasema, "Astaghafirullah!"

"Nimeshakufa," Shangazi alijibu. "Nangoja mkeka tu."

"Mimi nilikufa miezi minane," alisema Bi Miza. "Nilipomzaa Ruwaida. Mtoto analia, namwona kama namtazama kwenye televisheni ya jirani. Nikasema huyu aliyekaa hapa si mimi, mimi nilishaondoka. Nikapelekwa kwa huyu, nikapelekwa kwa yule, mpaka muuguzi mmoja akaniambia ni ugonjwa na una jina. Vidonge ninavyomeza, unafikiri vya nini?"

Shangazi akageuza kichwa. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi niliyaona macho yake yote mawili. "Uliniambia vya presha."

"Nilikudanganya. Nilikuwa naona haya. Ningekwambia ukweli, usingekaa humu peke yako."

Tangu saa ile hakuachwa peke yake. Bi Miza alileta godoro lake, na asubuhi wakampeleka hospitali. Baba aliniruhusu niende, nadhani kwa sababu nilikataa kutoka njiani. Muuguzi aliuliza mengi, akasikiliza mengi zaidi, akasema ni sonona, na ikizidi inaweza kumfanya mtu aamini kabisa kwamba hayupo.

"Na nyumbani mlikuwa mnamchukuliaje?" akamuuliza Baba.

Baba alitazama viatu vyake. "Tuliacha kumsalimia. Tulidhani tunamlinda."

Muuguzi hakumgombeza. Aliandika kitu, akasema, "Kuanzia leo msalimieni. Asipojibu, msimdai."

Sitasema alipona wiki ile. Vidonge vilichukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha chochote, na siku za kwanza vilimfanya alale tu. Wanawake wa mtaani walipanga zamu. Wanakuja na ukindu wao wa rangi, wanakaa naye, wanasuka, hawamlazimishi kusema. Mama aliacha kuweka sahani kizingitini. Siku ya kwanza aliyoingia nayo mkononi alimwambia, "Wifi, nisamehe," halafu akalia yeye mwenyewe mpaka chakula kikapoa. Siku ya tatu Zaina naye akaja, ameshika bakuli la maandazi, amesimama mlangoni hajui aingize mguu gani.

"Karibu," Bi Miza akamwambia. "Umekuja kumtazama mgomba? Leta hayo maandazi. Mgomba wetu unakula."

Mabega ya Shangazi yakatikisika. Sikujua analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua.

Mimi kila asubuhi nilisimama pale na sare yangu. "Shikamoo Shangazi." Naandika kwenye daftari. Siku kumi na moja hakuna kitu. Siku ya kumi na mbili akasema, "Marahaba," bila kugeuka, na nikaona kitu kinang'aa shingoni kwake. Lilikuwa tone la jasho. Nilichelewa shule nikilitazama.

Wiki iliyopita aliniita. Siku hizi anasuka tena kidogo, zambarau na kijani, mbuzi wanaingia mpaka ndani anawafukuza kwa majina. "Adila, niteremshie ule ukili."

Ulikuwa juu ya kabati, umeviringwa. Nikauteremsha.

"Pima."

Nikanyoosha mikono, nikahesabu kwa sauti safari hii. Ishirini na tano, ishirini na sita, na kipande. Nikahesabu tena. "Shangazi! Umepungua!"

"Haujapungua. Wewe umerefuka." Alikuwa ananitazama kwa makini. "Ningeweza kusuka pima tano kwa siku. Mikono yangu unaijua."

"Kwa nini ulisuka moja?"

"Kila nikitoka kwenda kuoga, nasikia mtu humu ndani anahesabu." Akaupitisha ukili kwenye vidole. "Nikawa namwachia cha kuhesabu kesho."

Akanirudishia. Nilimuuliza kama tuuchovye kwenye rangi, au tuutupe. Akasema bado.

Kwa hiyo uko kulekule juu ya kabati. Siku nyingine asubuhi namkuta ameinua uso anautazama. Siku hizo namsalimia, nakaa chini karibu naye na sare yangu, na siendi shule mpaka Bi Miza afike.