Gari Lililokufa Nikaendelea Kuliosha

Kuna Jumapili hainitoki kichwani, mwanangu. Nilikuwa nje hapa Kawangware, nimevaa suti, naliosha gari langu la kwanza kwa sabuni ya unga, na injini ilikuwa imekufa miezi minane. Usicheke. Mimi niliishia darasa la nne, na leo ploti hii yenye milango ishirini ya wapangaji ni yangu. Lakini ujanani nilikuwa mpangaji tu, na hilo gari ndilo lilifanya watu waniite bosi.

Askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, walikuwa wamebandika karatasi kwenye kioo: gari bovu haliruhusiwi kukaa mtaani kwa watu, liondolewe ama livutwe. Nikajiona mjanja. Kila wiki mimi na vijana wa mtaa tukawa tunalisukuma hatua chache, askari wakirudi nawaambia, "Si mnaona linatembea?"

Basi Jumapili hiyo, baada ya kuliosha, nikalisukuma tena, peke yangu, nikisahau kwamba breki nazo zilishakufa. Njia yetu inateremka. Likaniponyoka, likaelekea kibanda cha mboga cha Mama Mwende, aliyekuwa ameinama akikata sukuma wiki, mtoto mgongoni. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Likapanda rundo la mchanga wa ujenzi, likayumba, likasimama. Kati yake na yule mtoto ilibaki nafasi ya mkono tu.

Nilikaa kwenye matope na suti yangu nikalia, nashukuru Mungu.

Mama Mwende akageuka. "Bosi, na si ungepiga honi?"

Watu wakavunjika mbavu. Mzee Mutiso, fundi wa milango kutoka Machakos, ndiye pekee hakucheka. Akaniinua. "Kijana, maiti haioshwi kila Jumapili. Huzikwa."

Kesho yake nikawaita watu wa vyuma vikuukuu. Lilipokata kona likivutwa, kifua kikawa chepesi, hata sikuamini. Na nilipopita kwa miguu, bado waliniita bosi!

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kitu kikikufia, kiondoe mapema, usingoje karatasi ya kanjo wala kilio cha jirani. Ploti inaweza kuwa yako, lakini njia ni ya wote.

Mungu akupe vitu vizuri, mwanangu, na akupe moyo wa kuviaga vikiisha. Majirani wakikuona unakuja, wafurahi.