Shamba Alimolala Virginie

Anayesema ardhi ni udongo tu, huyo hajazika mke. Papa Bulonza wa Mudaka alikuwa na shamba la migomba alilorithi kwa baba yake, na baba yake alilipata kwa kumpa chifu ng'ombe mbele ya mashahidi. Washi, wenyeji wa huko, huita hiyo kalinzi, na zamani ilitosha. Lakini sheria ya Zaïre ilisema ardhi yote ni ya serikali, na tajiri mmoja wa mjini akaenda zake ofisini, akarudi na cheti cha shamba lile lile. Kesi ikafika tribunal, mahakama ya mjini Bukavu.

Bulonza hakuogopa. Shahidi mmoja wa ng'ombe yule, mzee Venant, alikuwa bado hai, tena ana mdomo. Ila wiki ya kesi, Virginie, mke wa Bulonza, akafa ghafla. Wakamzika migombani, na Bulonza akakaa matanga. Kwao aliyefiwa hatoki uani, wala hashtakiwi. Hata chifu mkali humngoja. Kwa hiyo hakwenda mjini, Venant, aliyekuwa naye matangani, hakwenda pia, na hakuna aliyeona haja ya kutuma neno. Wangejuaje, jamani, kwamba tribunal haina msiba? Ilihukumu bila kumsikia. Mjumbe alipoleta hukumu, wazee walimzuia mlangoni: "Hapa kuko kilio, mutoto yetu. Urudie kisha." Hakurudi. Muda wa rufaa ukaisha watu wangali kwenye mikeka.

Wakaja vibarua, wakafyeka migomba, wakazungusha senyenge. Ng'ombe wa tajiri wakawa wanalala juu ya Virginie. Nasema hivyo bila kupamba, maana ndivyo ilivyokuwa, na bado inaniuma.

Bulonza akahamia Cimpunda, mtaa wa mlimani huko Bukavu, chumba kimoja na binti yake Jeanine. Huko akampata maître Floribert, wakili kijana wa kikundi cha haki za binadamu pale parokiani. Floribert alipeleka malalamiko hadi kwenye tume ya Afrika ya haki hizo, huko Gambia: mtu huyu amenyang'anywa mali, tena amehukumiwa bila kusikilizwa. Zaidi ya mwaka mzee aliishi kwa neno hilo, Gambia. Kwenye sala alilitaja mara tu baada ya Bikira Maria.

Jibu lilipofika, Floribert alipanda Cimpunda mwenyewe.

"Papa, wamekatala. Wanasema tulipashwa kwanza kufanya appel, ile rufaa, hapa kwetu."

"Na muda ya appel ilipita wakati gani?"

"Wakati wa kilio, papa."

"Kwa hiyo kama ningeacha kulilia bibi yangu, nikuje ku tribunal, leo shamba ingekuwa yangu?"

"Pengine, papa."

Kesho yake mzee akashika njia ya Mudaka. Alisimama nje ya senyenge, kofia mkononi, ng'ombe wakicheua upande wa pili.

"Virginie," alisema, "nilibakia kukulilia. Njo maana wanakukanyaga."