Pasta Aliyemzika Baba

Ibada ya harusi na ibada ya mazishi ziko kwa kitabu kimoja, kile chekundu kidogo ambacho baba mdogo hubeba kwa mfuko wa koti. Nilikijua kitabu hicho siku alipomzika baba yangu. Baba mdogo alimfuata baba kuzaliwa, na ndiye pasta wa kanisa letu, kwa hivyo siku ile alikuwa mfiwa na mwendesha ibada kwa wakati mmoja. Nililia sana. Nilicheka pia kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu kabla ya kusema neno lolote yeye hupuliza maikrofoni mara tatu kama mtu anayepoza chai.

Miaka mitatu baadaye mama akapata mchumba. Ni mwalimu wa huko Cheptiret, aliyefiwa na mke, mtu mpole ambaye hucheka mzaha wako wakati wewe mwenyewe umeshausahau. Nilimpenda. Sijawahi kumwambia mtu, lakini nilimpenda. Alikuwa amepaka rangi chumba kimoja kwake na kuniwekea meza ya kusomea, na mimi ni mtu ambaye vitabu vyake hulala chini ya kitanda pamoja na viatu.

Shida ilikuwa nani awafungishe ndoa.

Kwetu, mke wa marehemu ni mke wa boma bado. Akiolewa kwingine, watu wa boma wanaweza kukaa na kinyongo mpaka kaburini. Lakini ndoa ikifungishwa na ndugu ya marehemu mwenyewe, nani atafungua mdomo? Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya mama. Akamwita baba mdogo kwetu Kapsoya, Jumapili moja mchana baada ya kanisa. Mimi ndiye niliyemimina chai, kwa hivyo nilisikia yote.

"Shemeji, mimi sina shida," baba mdogo akasema. "Nitawafungisha mimi mwenyewe, na hakuna mtu wa kwetu atasema kitu. Lakini huyu msichana ni damu ya ndugu yangu. Hawezi kwenda kulelewa kwa boma la watu. Likizo zote atakuwa anakuja kwangu Moi's Bridge."

"Na nikitafuta pasta mwingine?"

"Tafuta. Eldoret iko na wachungaji kuliko bodaboda." Akacheka peke yake. "Lakini usitarajie tuje. Wala usitarajie tukusalimie baadaye."

Hapo ndipo nilipojua mzaha ni ugonjwa wa ukoo wetu, na mimi sikuuokota shuleni kama walimu wanavyodhani.

Kesho yake tulikuwa tunamenya viazi jikoni, akaniambia bila kuniangalia, "Umemsikia baba yako mdogo."

"Nimemsikia."

"Nikimkubali, nitaolewa kwa amani, lakini wewe utakuwa unafunga shule ya bweni unaenda kwake, si kwangu. Nikikataa, twende wote Cheptiret, na wale watu tuwasahau. Wewe ni mtu mkubwa sasa. Unasemaje?"

Nataka kueleza vizuri kilichotokea hapo. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, hata mtoto wa nasari angeliweza: twende wote. Lakini nilikasirika kwamba ananiuliza. Kwani hicho ni kitu cha kuuliza? Nilitaka aseme mwenyewe kwamba mimi siachwi mahali, halafu anipige na ganda la kiazi. Basi nikafanya kile ninachofanya nikikasirika.

"Wacha afungishe yeye," nikasema. "Si ashazika mmoja? Amalizie kazi."

Kisu chake kikasimama. "Na wewe?"

"Mimi? Nitakunywa maziwa ya Moi's Bridge ninenepe, mnipeleke kwa shoo ya kilimo mnifunge kamba shingoni."

Nikangoja. Mama anajua mizaha yangu. Yeye ndiye huitwa ofisini na mwalimu mkuu, anaenda kuomba msamaha kwa niaba yangu na tukitoka getini anacheka mpaka anashika ukuta. Mtu wa aina hiyo hawezi kushindwa kujua mzaha ukiwa mbele yake unamenya viazi.

Akasema, "Sawa. Kama ni hivyo."

Akapangusa mikono kwa leso, akachukua simu, akatoka nje. Nilimsikia akisema "Shemeji, tumekubaliana." Sikujua ni nani amekubaliana na nani.

Ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili tatu. Kila Jumapili nilijiambia nitamwambia tukifika nyumbani, na kila Jumapili tukifika nyumbani nilimwigiza baba mdogo akipuliza maikrofoni, na mama akacheka, na mdomo wangu ukawa umeshatumika. Yeye naye hakuniuliza tena. Siku hizi nafikiri aliogopa nisije nikabadilisha jibu.

Harusi ikawa Desemba. Baba mdogo alifungua kitabu chekundu akawafungisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kwenye mahubiri akatoa ule mfano wake kwamba ng'ombe hata umuuze Burnt Forest, jioni ataangalia njia ya boma lake. Ni mfano uleule aliotoa kaburini kwa baba, ila siku ile boma lilikuwa mbinguni. Akaniangalia akisema. Watu wakacheka. Mimi nilicheka wa kwanza, kwa nguvu, ili asinishinde.

Mwalimu alimaliza kucheka wakati wengine wote walishanyamaza.

Baada ya picha, mama aliingia kwenye gari la maua. Akanishika mkono kupitia dirishani, glavu yake ikiwa na doa la juisi.

"Siku ile jikoni," akasema polepole, "ulikuwa unatania ama ulikuwa unasema ukweli?"

Mwalimu alikuwa ameketi kando yake, akiangalia magoti yake mwenyewe. Nyuma yangu baba mdogo alikuwa anapakia begi langu kwenye pikapu, akiniita niharakishe kabla mvua haijaharibu barabara.

Nilimwangalia mama nikaona anaomba. Alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu, na alikuwa anaomba jibu moja tu, na halikuwa lile la kweli.

"Ukweli, mama," nikasema.

Akaachilia mkono. "Asante, mtoto wangu," akasema, na gari likaondoka.