Binti Yangu Alitembea Mvua Ikinyesha

Sikusoma. Darasa la pili niliachishwa, nikashika jembe, na kwa jembe hilo nimepata nyumba ya bati, baiskeli mbili na shamba ambalo Nyakisasa yote inalijua. Uvivu nauchukia kama ukoma.

Miaka ile ya wakimbizi maharage hayakukaa nyumbani. Ukivuna, yamekwenda kuuzwa kambini. Siku moja tumeyaanika uani juu ya turubai, mvua ikaja bila hodi. Mke wangu alikimbia. Mimi na mguu wangu mbovu nilikimbia. Binti yetu wa miaka kumi na minne alitembea. Alitembea, nakwambia, kama anakwenda kupokea komunyo! Anafika, maharage yanaelea.

"Wewe, miguu imekufa?"

Akainama, akaanza kuyaokota.

Na huyu ndiye aliyekuwa akiwashinda wavulana kupanda mlima, dumu kichwani. Mwalimu naye alishaniambia kwamba siku za michezo anasingizia tumbo. Nikaamua ni shibe, maana kwangu watoto wanakula. Dawa ya shibe ni kazi. Safari zake za maji kwenye bomba la kambini, mbili nikazifanya nne. Akaenda zote, na kila siku akazidi kuchelewa kurudi.

Nikamfuata. Nilijua nitakuta mvulana.

Nilipita kwenye mihogo mpaka karibu na bomba. Madumu yamepangwa foleni, na pembeni wasichana wanacheza rede: wawili wanarushiana mpira wa matambara, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Wa katikati alikuwa wangu. Jamani! Aliruka, akalala chini, akainuka, akazunguka, gauni vumbi tupu, anacheka kicheko ambacho kwangu kilishapotea. Nilisimama mdomo wazi kama mtu aliyemwona marehemu sokoni.

Msichana mmoja wa kambini aliyekuwa akingoja zamu akaniona. Hakunijua.

"Shikamoo, muzehe."

"Marahaba. Yule anayekwepa ni wa humu kambini?"

"Hapana, wa kijijini. Ila usimcheke, muzehe, ataacha. Kwao hakimbii kabisa."

"Kwa nini?"

"Baba yake alimwita bata mbele ya wanywaji. Sasa akipita njiani wavulana wanamlilia kwaa, kwaa." Akasonya. "Mtu mzima! Sisi wengine baba zetu hatujui waliko. Yeye wake yupo, na kazi yake ndiyo hiyo."

Nilitafuta cha kushika, nikashika mti wa muhogo. Nilikumbuka. Jumapili baada ya misa, tunakunywa rubisi kwa jirani, binti akaja mbio kuniita kwamba ng'ombe anazaa. Mwili ulikuwa umeanza kumbadilika. Nikasema, "Mwoneni bata wangu anavyokuja!" Walicheka wote, nami nikajiona hodari. Neno lile nililisahau kabla kibuyu hakijaisha. Mwenzangu alikuwa amelibeba mwaka mzima, juu ya madumu niliyomwongezea.

Mpira ukaja miguuni pangu. Binti akageuka kuufuata, akaniona. Akaganda hapo hapo. Miaka ile nilishaona watu wengi wenye hofu, wamevuka mto na godoro kichwani. Sikutegemea kuuona uso ule ule kwa mwanangu, ukinitazama mimi.

Nikauokota mpira, nikamrushia. Kuomba radhi sikuzoea, na hadi leo sijazoea. Nikarudi nyumbani.

Kesho yake niliondoa turubai uani, nikafagia mwenyewe. Mke wangu akadhani naumwa. Nikaweka chupa tupu katikati, nikamwambia binti, "Waite wenzako wa kambini." Nikachukua jembe, nikaenda kulima nyuma ya migomba, mahali ambapo uani hapaonekani.

Nililima. Mchana ukapita, kimya. Nikasema basi, nimeshaharibu. Jua lilipoanza kupoa ndipo nikasikia wasichana wakipiga kelele, "Mpige! Mpige huyo!" na katikati yao kicheko ninachokijua.

Nilitamani kwenda kuchungulia. Nikaongeza tuta lingine.