Semeni Hakupiga Magoti

Cresensia wa kijiji cha Kansay alikuwa bado msichana wa shule alipomwona Semeni kwa mara ya kwanza. Gari la sinema ya bure lilifika Karatu, kitambaa cheupe kikatundikwa ukutani mwa ghala, watu wakakaa chini kutazama. Semeni alikuwa mke katika filamu ile: mvivu, mwenye mdomo, anayeuza mahindi ya nyumbani kwa siri. Mwishoni mume anamchapa, naye anapiga magoti na kumwosha miguu. Watu walipiga makofi. Mama yake Cresensia, ambaye naye alipigishwa magoti nyumbani, alitazama chini tu.

Filamu ilirudi karibu kila mavuno, na jina likahamia majumbani. Mke akichelewa kutoka kisimani, ni Semeni. Akijibu, ni Semeni. Josephati, aliyemwoa Cresensia, alilitumia jina hilo kama fimbo, na siku nyingine alitumia na fimbo yenyewe.

Mwaka mmoja wa ukame mtoto wao Blandina alishikwa na homa kali. Josephati alikuwa kilabuni. Cresensia alipima debe la mahindi, akamwuzia dereva wa lori la vitunguu lililotoka Mang'ola, akampeleka mtoto hospitali. Mtoto alipona. Josephati alipoliona pengo ghalani hakuuliza lolote. Alimwita mkewe Semeni mbele ya mtoto. Tangu siku hiyo hasira ilimkaa Cresensia kifuani kama kitu kilichomezwa bila kutafunwa.

Basi Mwalimu Patrisi, kiongozi wa kikundi cha maigizo, alipotangaza kwamba sikukuu ya wakulima wataiigiza filamu ile jukwaani, Cresensia aliomba kuwa Semeni. Mwalimu alifurahi, maana wanawake wengine walikuwa wameikataa nafasi hiyo. Lakini katika mazoezi Cresensia alitaka kujua mwanamke yule aliuza mahindi kwa nini. Patrisi akasema filamu haielezi. Bartolomeo, aliyecheza mume, akacheka.

"Mwalimu, mtu hauzi chakula cha wanawe bila sababu," alisema Cresensia.

"Watu wanamjua Semeni, mama. Tunafundisha maadili. Tukimbadilisha tutawachanganya."

Cresensia aliendelea kupiga magoti kila siku ya mazoezi, meno yameumana.

Siku ya sikukuu jukwaa lilikuwa tela la trekta. Wakulima walijaa, pamoja na wafugaji wa Ngorongoro waliokuwa wameleta ng'ombe mnadani. Josephati alikaa mbele. Ikafika pale pa fimbo. Bartolomeo aliinua mkono, akangoja. Cresensia alibaki wima.

"Niliuza debe moja," aliwaambia watu, "kwa sababu mtoto alikuwa anawaka homa na baba yake yuko kwenye pombe. Kuna aliyeniuliza?"

Bartolomeo alisimama na fimbo yake hewani, hajui aiweke wapi. Patrisi akaashiria ngoma ipigwe ili imfunike. Ikapigwa. Cresensia akapaza sauti juu ya ngoma, akataja homa, akataja njia ya hospitali, akataja magoti ya mama yake. Nanyokie, mama wa Kimaasai aliyekuwa akiuza maziwa, alimwendea mpiga ngoma akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma.

"Acha amalize," alisema.

Alimaliza. Wanaume kadhaa waliondoka wakilalamika, Josephati akiwa wa kwanza. Nyumbani alimwambia mkewe amemvua nguo mbele za watu. Cresensia alimjibu kwamba nguo hizo alizivua mwenyewe kilabuni. Josephati hakumpiga siku ile, wala hakumwita tena Semeni, lakini walikaa miezi kama wapangaji wawili.

Kikundi kilimfukuza. Halafu wageni rasmi wa sikukuu waliokuwa wameuona mchezo wakaomba upelekwe mashindanoni Arusha, ukiwa na mwisho ule mpya. Patrisi alikuja Kansay kumwomba amfundishe msichana aitwaye Eunike maneno yale. Cresensia alisema atacheza mwenyewe. Mwalimu akajibu kwamba mwanamke mkorofi hawezi kuwakilisha kata. Wakaenda na Eunike, wakashinda.

Waliporudi, Patrisi alihutubia sokoni kando ya lile tela la trekta, akasifu ubunifu wa kikundi chake na kujitolea kwake kuandika mchezo unaomtetea mwanamke. Cresensia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alipita katikati ya watu, akamwomba Eunike kwa upole amrudishie kanga aliyojifunga, maana ilikuwa yake na ilibaki kikundini siku alipofukuzwa. Msichana aliivua kwa aibu.

"Mama Blandina, haya mambo yaishe," alisema Patrisi kwa sauti ya chini. "Si ulitaka watu wasikie?"

"Wamesikia. Sasa waambie ni nani aliyesema."

Mwalimu aliwageukia wanakwaya waliokuwa pale sokoni, akawaomba waimbe. Cresensia alijifunga kanga kiunoni, akapanda tena lile tela mwenyewe, akaanza kuwaambia.