Mwalimu Usiguse na Kikombe cha Bibi

Watoto wa chekechea walimwita Mwalimu Usiguse. Wazazi wakaliokota jina hilo, hata mkuu wa shule siku moja akajikuta analitamka kikaoni. Mwenyewe hakukasirika. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na kila Jumatatu alipanga mezani vitu vya nyumbani vinavyoweza kuua: kiberiti, waya uliochunika, vidonge vyenye rangi za peremende, chupa ya maji iliyotiwa mafuta ya taa. Aliinua kimoja kimoja, na watoto wakaitikia kwa sauti moja, "Usiguse!"

Wapo waliomcheka kwamba anawatia watoto woga. Hao hawakuwapo siku ile mwanafunzi wake mmoja, mwenye kiu baada ya kucheza, alipokunywa mafuta ya taa nyumbani kwao kutoka chupa ya maji. Mtoto yule hakurudi tena darasani. Mazishini watu walinong'ona kwamba alikuwa mtundu. Mtu mzima anayetia sumu kwenye chupa ya maji, kisha akamlaumu mtoto kwa kiu yake, hana haya.

Baada ya msiba huo mwalimu alitunga kanuni yake: ukipewa kitu cha kunywa, mwambie aliyekupa aonje kwanza. Watoto waliipenda kuliko kanuni zote, maana iliwaruhusu kuwaamrisha wakubwa. Mwalimu aliwaagiza wazazi waikaririshe nyumbani.

Mama mmoja, mfuaji nguo wa hospitali, aliitii amri hiyo kikamilifu. Kila jioni alimkaririsha binti yake. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kukaa njiani, na mtoto, akitoka shule, alilelewa na bibi yake mzaa baba.

Basi jioni moja bibi alikuwa na mgeni, jirani yake wa mlango wa pili. Akammiminia mjukuu maziwa. Mtoto akakunja mikono.

"Onja kwanza, Bibi."

Bibi akacheka. "Nionje nini, mke mwenza? Unaogopa nitayamaliza?"

"Labda yana sumu."

Jirani akashusha macho sakafuni. Bibi akakiweka kikombe chini polepole. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Mama. Kila jioni."

Mtoto hakusema uongo. Lakini bibi kizee anayeishi nyumbani kwa mkwe wake, akiambiwa mbele ya jirani kwamba huenda anawapa watu sumu, haulizi swali la pili. Mkwe aliporudi kutoka kazini alimkuta anafungasha nguo zake.

"Mama, hayo ni masomo ya shule!"

"Shule gani inayofundisha kwamba mimi mchawi? Kama umenichoka, ungesema mwenyewe, usimtume mtoto."

Asubuhi yule mama alifika shuleni macho mekundu. "Mwalimu, mtoto kamwambia bibi yake aonje maziwa, na sasa Mama mkwe anaondoka leo. Akiondoka, mwanangu abaki na nani? Na mume wangu akisikia mama yake kaitwa mchawi kwangu, mimi nami nitatoka kwa mlango uleule."

Mkuu wa shule alimshika mwalimu mkono, akamvuta pembeni. "Usiende. Ukienda umekubali kosa."

"Kosa lipo," mwalimu akajibu, akachukua mkoba wake.

Bibi alikuwa ameketi sebuleni, kilemba kimefungwa tayari kwa safari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu, mwalimu wa sumu."

Mwalimu akakaa. "Neno lile ni langu, Mama. Mkweo alikariri nilichomtuma."

"Nimelea watoto wa tumbo langu na wa wenzangu. Hakuna aliyeniambia nionje. Hata marehemu mume wangu, aliyekuwa anashuku mpaka kivuli chake, alikula akanyamaza!"

"Nimekukosea."

Bibi aliinuka, akamimina kitu kutoka kwenye jagi, akaweka kikombe mbele ya mgeni wake. "Jua kali. Kunywa."

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, kidole mdomoni, anamtazama mwalimu wake. Mama yake alikuwa nyuma yake. Mwalimu akaona alipobanwa. Akinywa kimya, mtoto atajua kwamba kanuni ni mchezo wa darasani tu. Akisema "onja", atakuwa amemtukana mwenye nyumba mara ya pili, na hapo hakuna wa kumzuia bibi asiondoke.

Akakipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Asante, Mama. Umenikirimu nini?"

Bibi akamkazia macho. "Maji. Nimeyachemsha asubuhi, nikayachuja kwa kitambaa."

"Umeyachemsha mwenyewe?"

"Kwa mikono hii."

Mwalimu akanywa yote. Kisha akamgeukia mtoto. "Umesikia nilivyosema?"

"Hukusema onja."

"Sikusema. Mimi nilikufundisha vibaya. Anayekupenda huulizwa, hapimwi. Uliza: hiki ni nini, na nani amekitia humu? Asiyejua jibu, usinywe alichokupa."

"Na nikiwa mimi ndiye nisiyejua?" Bibi akadakia.

Mwingine angelainisha neno ili ayamalize mambo. Mwalimu aliikumbuka maiti ya yule mtoto aliyekunywa mafuta ya taa.

"Basi asinywe, Mama. Hata kama ni wewe."

Mkwe alijishika kifua. Bibi alimtazama mwalimu kwa muda, kama mtu anayepima nguo kama itadumu.

"Mwanamke wewe ni mgumu kama kokwa," akasema mwishowe. "Mumeo ana kazi." Akamimina maji mengine. "Haya, mke mwenza, njoo uniulize."

"Bibi, hiki ni nini?"

"Maji niliyoyachemsha mimi bibi yako, mchawi wa mtaa mzima. Kunywa."

Mtoto akanywa. Bibi akafungua kilemba, akakikunja mapajani. Alimwuliza mkwe wake bila kumtazama, "Kesho ni zamu ya asubuhi?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi ulale mapema. Mtoto nitamwamsha mimi."

Radhi Bibi hakuomba, na ilikuwa haki ya mkwe wake kuombwa. Wakubwa wengi huomba msamaha kwa kugawa kazi, na huo ni upungufu, tusiuite heshima.

"Haya, Mama," mkwe akajibu, akaingia jikoni, akaufunga mlango ili alie peke yake.