Mashine ya Hasna na Maji ya Nyumbani

Mutashar bin Khayun alikuwa fundi wa mashine za boti pale Chibayish, kwenye mabwawa ya kusini mwa Iraki. Kibanda chake kilikuwa juu ya tuta, na zamani maji ya mabwawa yalifika karibu na kizingiti chake. Sasa wateja walifunga boti zao mbali, wakapanda juu ya tope lililopasukapasuka, mashine begani, kama watu wanaompeleka mgonjwa hospitali.

Ufundi aliupata mjini Basra, wala si kwa kupenda. Miaka ile serikali ilipoyakausha mabwawa, ukoo wao ulitawanyika kama vifaranga walioona mwewe, naye akaangukia gereji ya watu. Maji yaliporudi, akarudi. Dada yake Hasna akarudi pia, akaenda mbele zaidi yake: akajenga nyumba ya matete huko ndani kabisa ya mabwawa, akaanza tena kufuga nyati kama mama yao. Wengine walibaki mijini. Ikawa kila Mutashar alipojiuliza kama kweli wamerudi kwao, jibu lake lilikuwa Hasna.

Asubuhi moja Hasna alikuja boti yake ikivutwa kwa kamba na jirani yake, Sabti. Mashine yake hakuweza kuibeba, basi Mutashar alichukua kikapu cha zana akashuka yeye.

"Ile mashine uliyonisifia imekuwa bibi harusi," Hasna alimwambia hata kabla ya salamu. "Nazungusha ufunguo, inasema 'tak', halafu kimya."

"Si ungevuta kamba ya kuwashia, dada?"

"Kwa bega lipi? Hili alilolitegua nyati, au hili lililobaki kubeba kila kitu?"

"Muitie mkunga," Sabti alidakia kutoka kwenye boti yake. "Labda ina mimba."

"Nyamaza wewe! Yako inakohoa kama marehemu babu yako, na bado huoni haya."

Mutashar alicheka kidogo, lakini moyo haukucheka. Alijua maana ya kimya kile. Kila kukicha Hasna alikwenda mtoni kujaza matangi maji matamu ya nyati wake. Siku mashine inapogoma, nyati hunywa ya bwawa yaliyo mbele yao, ambayo siku hizi yana chumvichumvi. Ndama mmoja alikuwa amekwisha kupofuka, na jike mmoja alikuwa ameharibu mimba. Bila mashine inayowaka, Hasna asingeweza kuishi tena huko ndani.

Alianza mwanzoni, kama kawaida yake. Gia ilikuwa nyutro. Kamba ya usalama ilikuwa imechomekwa mahali pake. Fyuzi nzima. Akaweka mita kwenye betri, akamwambia Hasna azungushe ufunguo. Tak. Volti za betri hazikushuka hata kidogo, maana yake staata, ile mota ya kuwashia, haikuwa ikila umeme. Akaunganisha kwa bisibisi bolti mbili nene za rilei, swichi inayopitisha umeme kwenda kwenye staata. Cheche ndogo, basi.

"Staata imekufa?" Hasna aliuliza.

"Ngoja. Usizike mtu kabla hajafa."

Akachukua waya mnene wa akiba, akaushika kutoka kichwa hasi cha betri mpaka kwenye mwili wa staata. "Zungusha."

Mashine ikanguruma, moshi ukatoka, Sabti akapiga makofi. Mutashar akaizima. Staata nzima, betri nzima. Kilichooza kilikuwa waya wa kurudishia umeme kwenye betri. Kwa nje ulikuwa mweusi, unang'aa kama mpya. Alipouchana ganda karibu na bolti, unga wa kijani ukamwagika kiganjani, na nyuzi za shaba zikakatika kama mkate mkavu. Akaonja ule unga kwa ncha ya ulimi, akatema.

Kijani kile alikuwa amekiona sana kwenye mashine zinazotoka upande wa bahari. Kwenye mashine ya mabwawani, hajawahi.

"Mashine hii unaiosha na nini?"

"Na maji. Ulitaka niioshe na maziwa?"

"Maji ya wapi?"

"Ya pale pale nyumbani. Kila jioni naifungua kifuniko, naimwagia ndoo nzima, nasugua. Mama alisemaje? Kinachotoka kazini kioshwe. Nyati, sufuria, mtoto."

Ndivyo walivyolelewa. Kwa maji yale mama yao aliwaosha vidonda na macho, na aliyekufa alioshwa kwayo. Mabwawani hapakuwa na mtu ambaye angefikiri kwamba kitu kinaweza kuharibika kwa kuoshwa na maji ya nyumbani.

"Usiioshe tena," Mutashar alisema polepole. "Chumvi imezidi kwenye maji yale. Ndiyo iliyokula waya."

Hasna alizitazama zile nyuzi zilizokatika. "Imekula shaba?"

"Naam."

"Na tumbo la nyati ni gumu kuliko shaba?"

"Utawaletea maji ya mtoni, dada. Nitakuwekea waya mpya, nipige msasa kila kiungo, nipake grisi. Itawaka kila siku."

"Watakunywa ya mtoni. Wataoga nini? Nyati anashinda ndani ya maji mpaka puani, Mutashar. Nitamkataza?"

Mutashar alijifanya anatafuta spana.

"Niambie kweli," Hasna akasema. "Ikipona, inaweza kuupanda mto mpaka kwenye maji matamu, na mizigo yangu yote, nyati wakifuata ukingoni?"

Uongo wa kumzuia asihame ulimjia mdomoni. Angesema mashine ni chakavu, safari ndefu itaiua, angoje mvua. Dada angemwamini, maana katika mambo ya mashine hakuna aliyewahi kumbishia.

"Inaweza," alijibu.

Akaweka waya mpya. Kisha, bila kuambiwa, akafungua na nyaya nyingine, za swichi na za rilei, akazisafisha moja moja mpaka shaba ikawa nyekundu, akazifunga na kuzipaka grisi. Hasna alikaa mbele ya boti, mikono mapajani.

Sabti alikuwa ameacha mzaha. Alisogeza boti yake mpaka ikagusa ya Hasna.

"Fundi," alisema, akiangalia chini, "ukimaliza ya dada yako, itazame na yangu, kama itaweza kuupanda mto."